Leo Amecheza Nini?

Mazungumzo kwa wazazi na walezi wa vituo vya watoto wadogo, Bujumbura

[MUZIKI WA KUFUNGUA. UNASHUKA TARATIBU.]

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza juu ya watoto wa miezi michache hadi miaka mitano, wale ambao umri wa shule ya msingi bado, na mahali wanaposhinda mchana wazazi wakiwa kazini. Tunaye dada ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwafundisha walezi wa vituo vya watoto hapa mjini. Dada, karibu, uwanja ni wako.

MZUNGUMZAJI: Asante kaka. Hamjambo akina mama, hamjambo akina baba, na nyinyi bibi zetu mnaoachiwa wajukuu tangu alfajiri mpaka giza linaingia.

Nianze na soko, maana huko ndiko waliko wengi wa watoto ninaotaka kuwazungumzia. Pita Ruvumera saa kumi na mbili asubuhi, au pita Kotebu. Chini ya meza za nyanya na ndagala utaona gunia limetandikwa, juu ya gunia kitenge, na juu ya kitenge mtoto. Jua likipanda anasogezwa kwenye kivuli. Akilia ananyonyeshwa. Akinyamaza anarudishwa chini, kwa sababu mteja amefika. Soko kuu la mji huu liliungua tarehe 27 Januari 2013, na wenye meza wakatawanyika kwenye masoko ya mitaani. Waliopoteza bidhaa walihesabiwa. Sijui kama kuna aliyehesabu akina mama waliopoteza jirani wa meza, yule wa kumwambia, "Nishikie mtoto kidogo, nakuja."

Mama huyo wa sokoni si mzembe. Kila asubuhi anapiga hesabu yenye majibu matatu tu: nimbebe, nimwache nyumbani, au nimlipie mtu wa kumwangalia. Akimbeba, mtoto anashinda kwenye vumbi, moshi wa magari na kelele. Akimwacha ndani peke yake mlango umefungwa, mle ndani kuna mbabula ambayo makaa yake hayajazimika na ndoo ya maji isiyo na mfuniko. Hapo sitakaa, kila mtaa unaijua misiba yake. Basi wengi wanamwachia dada yake. Dada mwenyewe ana miaka 8.

Huyo dada ndiye tunayemsahau. Mwaka 2005 Burundi ilifuta ada ya shule ya msingi, na tuliona darasa moja likijaa watoto kama gunia la mchele. Lakini ada kufutwa hakumwondolei msichana mtoto aliyempakata mgongoni. Anakwenda shule Jumatatu, Jumanne anabaki, Jumatano anafika amechelewa na usingizi machoni. Kwa hiyo ukiona kituo cha watoto kinafunguliwa mtaani kwenu, usifikiri ni habari ya wadogo peke yao. Yule mkubwa naye amepata njia ya kurudi darasani.

Wengine wanakiita kreshi, wengine maternele, wengine chekechea. Mimi nitasema kituo, ili tusigombanie jina. Na shida hii haikuanza kwetu. Mwaka 1907, mjini Roma, katika mtaa wa maskini uitwao San Lorenzo, wenye majengo waliona wazazi wanakwenda kazini na watoto wanabaki wakirandaranda kwenye ngazi na kuchafua kuta. Hofu yao ilikuwa juu ya kuta, wala si juu ya watoto! Wakamwita daktari mmoja mwanamke, Maria Montessori, awaangalie. Yeye akawapa vitu vya kushika, kupanga na kumimina, akakaa kando akiwatazama wanavyofanya. Leo jina lake limeandikwa kwenye milango ya shule duniani kote, nyingi zikiwa za watoto wa matajiri, lakini lilianzia kwa watoto ambao mama zao walikuwa kibaruani.

[MUZIKI MFUPI.]

Sasa tuingie ndani ya kituo chenyewe, maana hapo ndipo penye ugomvi.

Kuna mama alikuja kumchukua mtoto wake jioni kwenye kituo kimoja nilichokuwa natembelea. Mtoto ana miaka 3, miguu imejaa mchanga, anacheka. Mama akamuuliza mlezi, "Leo ameandika nini?" Mlezi akajibu kwamba hakuandika, wamecheza. Mama akakasirika. Akasema maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi tangu siku hiyo: "Nalipa pesa ili mtoto acheze? Si hata nyumbani anacheza bure?"

Hoja yake ina uzito. Faranga anazolipa ni ndagala ambazo hazikununuliwa. Anataka kuona kitu mkononi, na daftari lenye a, e, i, o, u linaonekana. Mchezo hauonekani. Kwa hiyo vipo vituo ambavyo, ili kumfurahisha mzazi, vinawakalisha watoto 40 kwenye mkeka, mikono imefungwa kifuani, wakiimba herufi za Kifaransa wasizozielewa. Ukipita nje unasikia sauti moja nzuri, unasema hapa wanasoma. Mimi nikipita nje nikasikia sauti moja tu tangu asubuhi mpaka mchana, naingia nikiwa na wasiwasi.

Tumjibu mama yule sawasawa. Kwanza, si kweli kwamba mtoto anacheza bure nyumbani. Ili acheze anahitaji nafasi ya kutambaa, kitu cha kushika, na mtu wa kumjibu. Chini ya meza ya sokoni hakuna nafasi. Ndani ya nyumba iliyofungwa hakuna mtu. Akiwa na dada aliyechoka, mtu yupo lakini hamjibu.

Pili, tuangalie anachofanya anapocheza. Mtoto wa miezi 9 anaangusha kijiko. Unakiokota, anakiangusha tena. Mara ya tano unaona anakuchokoza. Hakuchokozi. Anauliza: kijiko kikianguka kinakwenda wapi? Kinalia vipi kwenye simenti, kinalia vipi kwenye mkeka? Na mama, je, atakiokota tena? Ukimpiga kikofi, umefunga darasa lake.

Mpe wa miaka 2 vikombe na mchanga, nasi mchanga wa ziwa tunao tele. Anajaza, anamwaga, anajaza. Kikombe kikubwa kimoja kinajaza vidogo vitatu. Hana maneno ya kusema hivyo, lakini mikono yake imeshajua, na siku mwalimu wa hesabu atakapoandika ubaoni, kuna kitu ndani yake kitakachosema, hii naijua.

Wa miaka 3 na 4 ndio wanaonifurahisha kupita wote, kwa sababu wanafungua soko. Jani la mwembe ni noti ya faranga 500. Kokoto ni viazi, vipande vya majani ni sombe. Mmoja anauza, mmoja ananunua, mwingine ni askari wa manispaa anayewafukuza wauzaji wa barabarani. Ndiyo, hata hilo wanaliona! Wasikilize wanavyopatana bei. Wanahesabu. Wanakumbuka nani amelipa na nani bado. Na lililo gumu kwa umri huo: wanajizuia. Aliyekubali kuwa muuzaji anatamani kwenda kukimbia na wenzake, lakini hawezi kuliacha soko mpaka mteja aondoke. Mwalimu wa darasa la kwanza atamtafuta mtoto wa namna hiyo, anayeweza kukaa na jambo moja mpaka liishe na kungoja zamu yake. Daftari la irabu halimpi hilo.

Tena kuna habari ya mkono. Mifupa ya kifundo cha mkono cha mtoto wa miaka 3 bado laini, haijakomaa. Ukimlazimisha penseli anaikaba kama mwiko wa ugali, anachoka, anaichukia. Mpe udongo wa mfinyanzi afinyange ng'ombe. Mpe maharage ayachambue na wewe ukiwa pembeni, asije akatia moja puani. Mpe kamba afunge na kufungua. Mwaka mmoja wa udongo unatengeneza vidole ambavyo baadaye vitaandika kwa raha.

Nasi tuna michezo yetu. Wazee wanakaa kwenye bao, lile linaloitwa ikibuguzo kwa Kirundi, mashimo 32, wanahesabu mbele na nyuma kwa kutazama tu. Watoto wachimbie mashimo sita ardhini na uwape vizibo vya Fanta. Vitendawili ni hivyohivyo. Huku Buyenzi bibi akisema "Kitendawili!" watoto wanaitikia "Tega!" Jirani yake akisema "Sokwe!" wanaitikia "Niruze!" Mtoto anayeitikia kwa lugha zote mbili ameshajua kwamba neno moja lina mlango zaidi ya mmoja.

[MUZIKI MFUPI.]

Sasa niseme juu ya jambo linaloumiza nchi yetu. Uchunguzi wa afya ya jamii uliofanywa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba asilimia 56 ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Zaidi ya nusu. Ni kiwango kinachotuweka miongoni mwa nchi zilizo na hali mbaya kabisa duniani. Tunapozungumza juu ya kudumaa, tunazungumza juu ya chakula, na ni haki. Uji wenye soya, ndagala zilizosagwa, mboga, yai likipatikana, maziwa ya mama miezi sita bila kitu kingine na kuendelea nayo hata baada ya hapo. Hayo mmeyasikia katika kipindi hiki mara nyingi.

Lakini kilichodumaa si mguu peke yake. Katika miaka ya kwanza ubongo wa mtoto unaunganisha nyuzi zake zaidi ya milioni moja kwa kila sekunde. Mtoto asiyesemeshwa, asiyechezewa, nyuzi hizo hazipati kazi, na zisizo na kazi hupotea.

Kisiwa cha Jamaica, mjini Kingston, katika mitaa ya maskini, mwaka 1986 na 1987 walichukuliwa watoto 129 waliodumaa, wenye miezi 9 hadi 24. Wakagawanywa makundi manne. Kundi moja lilipewa maziwa ya ziada kila wiki. La pili halikupewa maziwa, lakini kila wiki mhudumu wa afya wa mtaani, mama wa kawaida aliyepewa mafunzo, alikwenda nyumbani kwa saa moja, akakaa chini na mama mzazi, wakacheza na mtoto. Aliwaletea vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa makopo, vitambaa na karatasi, akaviacha mpaka wiki ijayo. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, la nne halikupata. Kazi hiyo ilikwenda miaka miwili.

Kisha wakasubiri. Wakawatafuta tena walipokuwa watu wazima wa miaka 22 hivi. Wale waliochezewa walikuwa wakipata mshahara unaozidi wa wenzao kwa asilimia 25, wakiwa wamewafikia vijana wa mitaa ileile ambao hawakuwahi kudumaa. Maziwa peke yake, bila mchezo, hayakuacha tofauti hiyo katika mshahara. Habari hii ilichapishwa mwaka 2014.

Tafadhali msinielewe vibaya. Sijasema chakula kiachwe. Mtoto mwenye njaa hachezi, analala. Ninachosema ni kwamba tunapomkorogea uji tunafanya nusu ya kazi, na nusu ya pili haihitaji faranga. Unapomlisha, mseme. "Fungua mdomo. Uji wa moto huo, tupulize. Umeshiba? Bado?" Hajui kujibu kwa maneno, lakini atakutazama, atapiga kelele, atapiga kijiko. Hilo ndilo jibu lake, nawe umjibu tena. Mlezi anayewalisha watoto sita huku macho yote yako kwenye simu ameshibisha matumbo sita, basi.

Na msemeshe kwa lugha yako. Katika vituo vya hapa utamkuta mtoto wa Kirundi, mtoto wa Buyenzi aliyezaliwa ndani ya Kiswahili, na mtoto aliyevuka kutoka Uvira au Fizi ambaye kwao ni Kifuliiru au Kibembe. Mzazi anatuambia, msemesheni Kifaransa, ajifunze mapema. Kifaransa kitakuja. Mtoto wa miaka 2 anatafuta mtu wa kuelewana naye kabla ya kitu kingine chochote, na lugha ambayo mlezi mwenyewe anaisema kwa kubahatisha haitampa mtu huyo.

Kwa kuwa nimewataja waliovuka: mapema mwaka 2025 watu wengi, makumi ya maelfu, waliingia kwetu kutoka Kivu Kusini wakikimbia vita, wengi wao wakiwa watoto. Walezi huniuliza: kuna mtoto anacheza mchezo mmoja kila siku, anajificha, anakimbia, anawaambia wenzake walale chini, tumkataze? Msimkataze. Kaa karibu naye. Anajaribu kukishika mkononi kitu kilichokuwa kimemshika yeye. Ukiona mchezo unamtuliza, mwache aucheze. Ukiona kila akiucheza anazidi kutetemeka, au anawaumiza wenzake, mwite kwa upole kwenye mchezo mwingine, na umweleze mama yake pamoja na wahudumu wa afya. Halafu mpe ratiba isiyobadilika: uji saa ileile, wimbo uleule, mlezi yuleyule mlangoni asubuhi. Kwa mtoto aliyeondolewa kwao usiku, kujua kitakachofuata ni dawa.

[MUZIKI MFUPI.]

MTANGAZAJI: Dada, naomba nikukatize kidogo. Wasikilizaji watasema haya ni mazuri, lakini kituo kama hicho kinataka fedha nyingi, vitu vya kuchezea vya dukani, walimu wa diploma.

MZUNGUMZAJI: Hapana kaka, na nitakupa mfano wa watu wanaosema Kiswahili kama sisi. Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazee wa jamii ya Kiislamu ya pwani waliona watoto wao wanafika shule ya msingi wakiwa nyuma ya wenzao. Wakaomba msaada kwa Aga Khan. Mwaka 1986 mwalimu mmoja, Bi Swafiya Said, akaanza na madrasa: palepale watoto wanapojifunza dini, akaingiza masomo ya chekechea kwa njia ya mchezo. Hakuleta walimu kutoka mbali. Alichukua wasichana na akina mama wa mtaani, wengine elimu yao ya kawaida tu, akawafundisha kwa vitendo. Vifaa vilikuwa vifuu vya nazi, kome, vizibo, mbegu, mabaki ya vitambaa vya fundi cherehani. Kila kituo kilikuwa na kamati ya wazazi. Mwaka 1990 kazi ikaingia Zanzibar, mwaka 1993 ikaingia Uganda. Baadaye watafiti waliwapima watoto wa vituo hivyo na waliobaki nyumbani, na wa vituo wakawa mbele.

Sasa ninyi wa Buyenzi mnaonisikia: madrasa mnazo, karibu kila barabara. Makanisa ya Kamenge, Kinama na Kanyosha yana kumbi ambazo Jumatatu mpaka Ijumaa zimefungwa kwa kufuli. Fundi cherehani hatupa kitambaa bila kujua anayekihitaji. Sisemi ni rahisi. Kuna kitu kimoja ambacho hakitoki kwenye jalala wala kwa msaada wa mara moja, nacho ni mshahara wa mlezi. Vituo vingi ninavyovijua havikufa kwa kukosa vifaa. Vilikufa kwa sababu mlezi alifanya kazi miezi minne kwa asante, mwezi wa tano akaenda kuuza parachichi. Na akiondoka yeye, mtoto amempoteza mtu. Kwa hiyo vile vikundi vya akiba vya akina mama, vinavyokutana kila wiki, viliweke hili mezani kabla ya kununua hata mkeka: mlezi atalipwa nini, na nani, mwezi ambao watatu kati yetu hawana kitu?

Umeniuliza vifaa. Tengeneza leo usiku. Mpira wa makaratasi uliofungwa kwa majani makavu ya mgomba mnaujua tangu utoto wenu. Kopo lenye kokoto, kifuniko kikakazwa na kufungwa vizuri, ni kayamba. Chupa ya plastiki iliyokatwa, ncha zake zikalainishwa kwa moto na mtu mzima, ni kijiko cha mchanga. Soksi iliyotoboka ni mtoto wa bandia. Kitu chochote kinachoweza kuingia kizima mdomoni ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka 3, kinaweza kumkaba. Hivyo vizibo nilivyosema ni vya wakubwa, si vya watambaao.

Na viwe safi. Kipindupindu tunakijua kwenye mitaa iliyo karibu na ziwa, na mwaka 2024 ugonjwa wa mpox uligusa watoto wengi katika nchi hii. Wazazi walipoogopa kuwaleta watoto vituoni waliogopa kwa sababu ya kweli. Vitu vya kuchezea vioshwe kwa maji na sabuni kila jioni, vikaushwe juani. Mikono ioshwe kabla ya uji na baada ya choo, na iwe mchezo wenye wimbo wake. Mtoto mwenye homa au vipele abaki nyumbani, tena kituo kisimdai mama pesa ya siku hizo, maana ukimdai atamleta hivyohivyo akiwa mgonjwa.

MTANGAZAJI: Mzazi akienda kutafuta kituo, aangalie nini?

MZUNGUMZAJI: Aende saa nne asubuhi bila kutoa taarifa. Akizuiwa mlangoni, asimlete mtoto. Akiingia, kabla ya kuangalia ukuta umepakwa rangi gani, atazame uso wa mlezi na urefu wake: je, ameinama, amekaa chini sawa na watoto, au amesimama juu yao na fimbo? Fimbo ikiwepo, aondoke. Ahesabu wachanga. Mlezi mmoja mwenye wachanga wanne tayari ana kazi ya kumtosha, mwenye kumi anawalinda tu wasianguke. Aangalie mbabula iko wapi, na choo, na geti kama linafungwa. Kisha asikilize. Je, kuna mtoto anayeuliza swali? Na akiuliza, kuna anayemjibu?

Akina baba nao. Katika vituo ninavyokwenda, baba anaonekana siku ya kulipa. Nawaambia kaka zangu: ukimpandisha mtoto kwenye baiskeli yako jioni, njiani kutoka kituoni mpaka nyumbani una dakika 15 za shule. Mwonyeshe Rusizi kama mnaivuka, hesabuni bajaji, muulize ile nyumba ina rangi gani. Badala ya "ameandika nini", muulize mlezi "leo amecheza nini?" Mlezi aliyekuwa na watoto kweli atakujibu kwa habari ya mtoto wako, siyo habari ya watoto wote. Atakwambia, leo alijenga daraja, likaanguka mara tatu, mara ya nne akaweka jiwe kubwa chini.

Umoja wa Mataifa ulipoandika mkataba wa haki za mtoto mwaka 1989 uliweka mchezo humo, katika kifungu cha 31, na Burundi ikauridhia mwaka 1990. Na tangu 2024, tarehe 11 Juni ni siku ya mchezo duniani. Walezi, mnayo sababu ya kuwaita wazazi siku hiyo wakae mchangani wenyewe.

MTANGAZAJI: Dakika zimebaki mbili, dada. Kuna mama ametuma ujumbe, anasema mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu hachezi kabisa. Anakaa tu. Afanye nini?

MZUNGUMZAJI: Mama, asante kwa kuuliza. Mtoto asiyecheza anatuambia jambo, na huenda ni njaa, ugonjwa, masikio yasiyosikia, au huzuni. Jaribu haya nyumbani leo. Kaa nyuma yake, umwite jina kwa sauti ya kawaida: anageuka? Mpe kitu akipendacho, ukifiche chini ya kitambaa mbele ya macho yake: anakitafuta? Akitaka kitu kilicho mbali, anakionyesha kwa kidole? Mwangalie miguu kama imevimba, na nywele kama zimebadilika rangi. Kesho usiende sokoni kwanza. Mpeleke kituo cha afya na kadi yake ya chanjo, umwambie mhudumu ulichokiona, hata akikuharakisha. Wapimwe urefu, uzito na mzunguko wa mkono. Matibabu ya mtoto wa chini ya miaka 5 ni bure katika vituo vya serikali tangu mwaka 2006, kwa hiyo pesa isikuzuie kuvuka mlango. Wakati unasubiri kwenye foleni, mpakate akiwa amekuelekea usoni, umwimbie zile za kubembeleza alizokuimbia mama yako.

MTANGAZAJI: Wiki ijayo, siku na saa hii hii, tutakuwa na mhudumu wa lishe atakayetuonyesha jinsi ya kukoroga uji wa mtoto kwa ndagala na soya. Uwe na kikombe cha kupimia karibu yako.

[MUZIKI WA KUFUNGA.]